Na mama mwenye goti bovu, vijiji vya Cinque Terre kwa treni: tuanzie wapi?

Binti Kiwengwa

Assalaam alaykum wapenzi. Nimekuwa shangazi!

Kaka yangu yuko Italia mwaka wa saba huu, mji unaitwa La Spezia. Kaoa huko huko, na wifi yangu kajifungua mtoto wa kiume. Mama alipoonyeshwa kwenye simu akasema mjukuu hapakatwi kwa kioo. Basi tumehangaika na viza mpaka zimetoka, na mwezi wa tano inshallah tunaondoka, mimi na yeye, wiki tatu.

Sasa shida yangu ni hii. Kaka anafanya kazi bandarini, akitoka alfajiri harudi mpaka jioni. Wifi yuko kwenye arobaini. (Kwa kweli kanambia huko hakuna arobaini, siku ya kumi tayari kamtia mtoto kwenye kigari kaenda naye sokoni. Mama hajaambiwa na hataambiwa.) Kaka anasema jirani na mji wao kuna vijiji vitano vya pwani vimejibanza kwenye majabali, nyumba rangi rangi, wenyewe wanaviita Cinque Terre, na treni inapita huko kutwa. Anataka nimpeleke mama siku moja akatembee, asije akarudi Unguja kaona jiko la wifi tu.

Mimi treni sijaipanda maishani mwangu. Hiyo ya Dar na Dodoma naiona kwenye tivi. Mimi mtu wa gari ya 117. Mama naye anachokijua cha treni ni hadithi za bibi yake, aliyekuwa akipanda ile ya Bububu, na hadithi zenyewe ni za moshi na cheche kutoboa kanga.

Jengine ni goti. Mama ana miaka 66, goti la kulia limekwisha, ngazi za hospitali anapumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Na picha nilizoziona za huko ni ngazi juu ya ngazi. Jengine chakula. Kiitaliano changu ni cha hoteli, nimefua mashuka yao hapa Kiwengwa miaka minne, kwa hiyo najua kusema taulo na najua kusema chumba bado hakijawa tayari, lakini sijui kuuliza kama humu mna nguruwe.

Aliyefika anisaidie: tunaweza kuvimaliza vyote vitano kwa siku moja? Tuanzie kipi? Na tiketi inakatwaje?

Mchonga Jahazi

Yaani mtu kazaliwa kijiji cha wavuvi, anapanda ndege kwenda kutazama kijiji cha wavuvi. Waitaliano wanatoka kwao kuja Kiwengwa, nyinyi mnatoka Kiwengwa kwenda kwao. Mtapishana angani, mpungiane mikono.

Hiyo treni ya Bububu bibi yake mama yako hakudanganya. Ilianza 1905, Wamarekani ndio walioijenga, maili saba hivi, na mjini ilikuwa inapita karibu na milango ya watu kiasi cha kumgusa aliyekaa barazani. Ikang'olewa miaka ya 1920, magari yalipoanza kushamiri.

Bi Mtoni

Mchonga Jahazi hebu mpishe mtoto wa watu. Mjukuu haji kwa posta.

Binti, wa alaykum salaam, na hongera sana. Mimi La Spezia nimekaa miaka tisa, nikimlea bibi mmoja wa Kiitaliano ghorofa ya nne, mwendo wa dakika tano kutoka stesheni. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na kila Alhamisi isiyokuwa na mvua mimi nilikuwa ndani ya hiyo treni. Kwa hiyo nisikilize.

Kwanza futa hiyo namba tano. Vijana wenye mikoba mgongoni wanavimaliza vitano, wakirudi jioni hawajui kipi kilikuwa kipi. Wewe una mama na una goti. Chukua viwili: Vernazza asubuhi, Monterosso mchana mpaka jua lipoe. Sababu nitakwambia, ila tuanze na treni yenyewe.

Kutoka La Spezia vinakuja kwa mpango huu: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza, Monterosso, kisha treni inaishia Levanto, ambayo haimo kwenye vile vitano. Mpaka Riomaggiore ni dakika kama nane. Mpaka Monterosso ni dakika ishirini na kitu. Mjini na Bububu siku ya foleni ni mbali zaidi. Msimu wa wageni, tangu mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa Novemba, iko treni ya vijiji inayosimama vyote, na hupita kila robo saa au dakika ishirini, kwa hiyo ikiwaacha msikimbie. Mama asikimbizwe kwa treni hata siku moja.

Kosa la wageni wote ni ubao. Wanatafuta jina la kijiji wanachokwenda, hawalioni, wanababaika. Ubao unaandika mwisho wa safari. Ni kama gari ya Nungwi: wewe unashuka Mahonda, lakini kioo cha mbele kimeandikwa Nungwi. Tafuta Levanto. Kisha tazama namba iliyo chini ya neno *binario*, hiyo ndiyo njia ambayo treni itasimama. Ila ziko treni nyengine za reli hiyo hiyo zinazoruka vijiji, kwa hiyo kabla hamjapanda soma orodha ya vituo. Kama Vernazza haimo, hiyo si yenu, wacheni ipite.

Na saa, binti, angalia saa! Wao hawahesabu kama sisi. 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana. Wiki yangu ya kwanza niliambiwa dawa ya bibi ni saa saba, nikampa baada ya chakula cha mchana, kumbe wao saa saba ni saa moja yetu ya asubuhi. Mtoto wake alinipigia kelele mpaka ghorofa ya pili wakafungua madirisha.

Tiketi ya karatasi ipige muhuri kwenye kisanduku kilichopo ukutani kabla hujapanda. Konda wao haiti abiria wala hapigi mluzi, anavaa koti, anasema tafadhali, na ukiwa na tiketi isiyopigwa anakuandikia faini kwa adabu zote.

Mkipanda La Spezia kaeni mkono wa kushoto, ndiko kwenye bahari. Lakini mwambie mama mapema kuwa njia karibu yote iko ndani ya mlima. Ni giza, giza, giza, halafu ghafla bahari ya buluu kama mtu kafungua dirisha akalifunga, halafu giza tena. Mara ya kwanza nilikasirika nikaona nimeibiwa. Baadaye nikawa nangojea yale madirisha, nayajua moja moja.

Sasa kwa nini Vernazza. Stesheni yake iko ndani ya kijiji. Ukishuka unaingia kwenye njia kuu, njia inateremka pole pole, na mwisho wake ni bandari. Hakuna cha kupanda. Bandari ni ndogo kama uwanja wa skuli, na watu wanakaa kwenye mawe wanakula. Ila shika hili: jukwaa la stesheni ni fupi kuliko treni, na ncha zake zimo ndani ya mlima. Mkikaa behewa la mwanzo au la mwisho mlango utawafungukia gizani, mama atadhani si hapa, mtapitilizwa. Kaeni mabehewa ya katikati.

Hiyo njia kuu unayoteremka, chini yake kuna mto uliofunikwa. Tarehe 25 Oktoba 2011 mimi nilikuwa La Spezia. Mvua ya siku moja ilishusha mlima. Tope na mawe yalijaa kwenye ile njia mpaka milango ya maduka ikazikwa, na watu watatu walifariki hapo Vernazza. Monterosso nako kuliharibika vibaya. Bibi yangu, ambaye mamake alizaliwa vijijini huko, alikaa mbele ya tivi siku nzima akisema jambo moja: kuta, kuta. Sikumfahamu. Baadaye nikaelewa. Wazee wao waliukata mlima vidaraja vidaraja kutoka juu mpaka karibu na maji, kila kidaraja kikashikiliwa na ukuta wa mawe matupu, bila ya saruji, juu yake wakapanda mizabibu. Ukuta wa namna hiyo unataka mkono wa mtu kila mwaka. Vijana wakahamia mjini, mashamba yakaachwa, kuta zikabomoka moja moja, na pakawa hapana tena kinachozuia udongo. Mama akichungulia juu ya nyumba atakuta hizo kuta. Kama ni mtu wa kusini atakumbuka zile za mashamba ya Makunduchi, ila hizi zimesimama kama ngazi za jitu.

Monterosso ndiko kwenye tambarare. Ukitoka stesheni uko ufukweni hapo hapo, mchanga kweli si mawe, na mabenchi ya kukaa. Mji wa zamani uko upande wa pili, mnapita kwa miguu kwenye njia fupi iliyotobolewa mlimani, haina ngazi. Ndimu zao kubwa kama mabalungi, wananing'iniza mlangoni kama sisi tunavyotundika mafungu ya vitunguu.

Corniglia usithubutu. Stesheni iko chini, kijiji kiko juu ya jabali kama mita mia, na kati yake kuna ngazi zaidi ya 370. Kuna kibasi kidogo, lakini siku ya watu wengi kukipata ni bahati. Mimi na magoti yangu mazima nilikwenda mara mbili tu, ya pili kwa sababu niliisahau ya kwanza.

Mkibakiwa na nguvu wakati wa kurudi, shukeni Manarola nusu saa. Pale bandari haina nafasi, basi maboti wanayapandisha kwa winchi na kuyaegesha barabarani mbele ya nyumba, kama magari. Mama atacheka.

Wifi yako atawaambia mpite Via dell'Amore, ile njia iliyochongwa kwenye ukingo wa jabali kati ya Riomaggiore na Manarola. Ilifungwa mwaka 2012 mawe yalipoporomoka na kuumiza watalii, ikaja kufunguliwa tena 2024. Ni tambarare na haifiki kilomita moja, lakini inataka kuwekewa nafasi kabla, ina malipo yake, na mtu akishaanza hakuna benchi kila hatua. Mwenyewe utapima.

Na viatu. Njia za milimani wamekataza ndara, iko faini. Nyinyi hampandi milima, lakini hata chini mawe yanateleza. Mama avae raba. Najua atakataa, atasema raba na buibui haviendi. Mwambie kule hakuna anayemjua.

Chakula. Omba *farinata*. Ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zaituni na chumvi, unachomwa kwenye sinia kubwa la shaba ndani ya tanuri la kuni. Ukiuma utadhani bajia imelazwa chini ikatandazwa. Hiyo kuleni kwa amani. *Focaccia* ni mkate wa mafuta, mwingi wao ni mafuta ya zaituni, lakini wako wanaotia mafuta ya nguruwe, kwa hiyo uliza: *c'è strutto?* Samaki wa kukaanga wanauzwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama ya kashata, uliza kama hawajapikwa na mvinyo: *senza vino?* Na ogopa kome waliojazwa. Utawaona La Spezia kila mahali, wanapendeza, mtu atakwambia ni kome na mkate tu. Si kweli, ndani wanatia mortadella, na mortadella ni nguruwe. Mimi nilijua mwaka wa pili. Mungu atanisamehe ule wa kwanza.

Sala: hakuna msikiti vijijini. Mkisimama ufukweni Monterosso, bahari iwe mkono wenu wa kulia, uso mnaelekeza kama mnarudi La Spezia, hapo mko kibla. Adhuhuri inaingia kama saa saba na dakika ishirini. Magharibi mwezi wa tano haiingii mpaka saa mbili na nusu usiku na zaidi, mama asije akalala kwa kudhani kapitwa. Na chukueni chupa tupu ya maji mkobani. Majumbani mwao kuna chombo cha kujisafishia, tena safi kuliko vyetu, lakini vyoo vya stesheni ni karatasi tu, na vingine vinataka sarafu.

La mwisho ndilo kubwa, na wewe unalo bure, wengine hawalipati. Kaka yako yuko bandarini. La Spezia zinafunga meli kubwa za watalii, na siku meli imefunga, watu maelfu wanamwagwa kwenye hiyo hiyo treni. Muulize ratiba. Nendeni siku ambayo meli haipo, wala isiwe Jumamosi wala Jumapili, na mtoke kabla ya saa mbili asubuhi.

Baharia wa Wete

Bi Mtoni kasema yote ila moja. Mtu wa pwani anapelekwaje kuona pwani kwa kupita chini ya mlima?

Mimi nimefunga La Spezia mara tatu, ya kwanza 1987, meli ya mizigo, bendera ya Ugiriki. Tulikuwa tunapakia siku nne, mpishi wetu Mfilipino kaugua, tukawa tunakula mjini. Kuna chakula chao kinaitwa *mesciua*: dengu, maharagwe na ngano, vimechemshwa pamoja na mafuta juu. Mzee aliyetuuzia alitwambia zamani wanawake wa bandarini walikuwa wakiokota nafaka zinazomwagika magunia yakipasuka, wanakusanya mchanganyiko wote wanautia chungu kimoja. Nikamwambia Mkoani na Malindi nimewaona mama zetu wakifagia mchele gatini vivyo hivyo. Akaniongezea upawa wa pili.

Binti, chukueni boti. Zinatoka La Spezia, zinapita Portovenere, halafu zinafuata vijiji kwa mpangilio, isipokuwa Corniglia kwa kuwa haina gati. Kutoka majini ndipo unapoona nyumba zile zimeshikamana vipi, na kwa nini walizipaka rangi. Wenyewe wanasema ni ili mvuvi aitambue nyumba yake kutoka baharini. Kama ni kweli au ni ya kuwauzia wageni, mimi nilipotazama kutoka melini niliamini.

Bi Mtoni

Ami, shikamoo. Boti ni nzuri sikatai. Lakini zile boti zinaegesha pua, wanatupa ubao kwenye jiwe, na abiria anateremka kwenye ubao huku boti inapanda na kushuka. Goti la mama huyu utalishika wewe? Na siku ya mawimbi haziendi kabisa.

Baharia wa Wete

Marahaba mwanangu. Hilo la ubao nimeshindwa.

Binti Kiwengwa

Bi Mtoni, sina la kukulipa, Mungu akulipe. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Swali moja la pesa: kaka anasema kuna kadi ya siku nzima, unapanda na kushuka utakavyo. Tununue hiyo au tiketi moja moja?

Bi Mtoni

Kadi ipo, inaitwa Cinque Terre Treno. Bei haikai mahali pamoja, inategemea msimu na siku, mtu mzima ni kama euro 20 siku za kawaida na inapanda mpaka 30 na kitu siku za watu wengi. Tiketi moja moja nayo inapanda vivyo hivyo, kutoka euro 5 hadi 10 kwa safari hata kama ni ya dakika tatu. Humo kwenye kadi wameingiza pia njia za milimani na vibasi, ambavyo mama hana haja navyo. Nyinyi mna safari tatu: kwenda Vernazza, kutoka Vernazza kwenda Monterosso, na kurudi. Zidisha bei ya siku hiyo kwa tatu, linganisha na kadi ya siku hiyo, papo hapo dirishani. Mkiongeza Manarola zinakuwa nne, hapo kadi inaanza kuwa na maana. Usione haya kusimama kuhesabu, walio nyuma watangoja.

Mchonga Jahazi

Euro 10 dakika tatu! Na sisi tunagombana na konda kwa mia mbili.

Binti Kiwengwa

Assalaam alaykum tena. Tumerudi Jumatatu. Naandika kwa sababu nimeahidi, na kwa sababu nimekosea na bora mcheke nyinyi kuliko mama anavyonicheka.

Ratiba ya kaka tuliipata, tukachagua Jumanne isiyokuwa na meli. Tukatoka saa moja na nusu asubuhi. Ubao nikausoma vizuri, jina la mwisho nikaliona, njia nikaiona, nikajiona mjanja. Orodha ya vituo ndiyo sikuisoma. Tumekaa kushoto, behewa la katikati, mama kashika tasbihi, treni ikaingia gizani. Ikatoka, bahari, mama akasema subhanallah. Ikaingia. Riomaggiore nikaiona inapita. Manarola inapita. Corniglia ndiyo hata sikuiona. Vernazza nikasimama mlangoni na mkoba wangu begani, nayo ikapita, watu wa jukwaani wananitazama. Mama akaniuliza kwa sauti kubwa: “Hii haishushi?” Basi tukashuka Monterosso, ndipo iliposimama, na safari yote ikageuka kichwa chini, miguu juu.

Lakini nakwambia Bi Mtoni, bora ilivyokuwa. Saa mbili asubuhi ufukweni hapana mtu, wapo wazee wanaogelea na mwanamme mmoja anachana nyavu. Mama akavua raba (alizivaa, kwa sharti kuwa nisimpige picha za miguuni), akaingia maji mpaka kwenye vifundo, akatoka mbio anasema hii bahari wameitoa kwenye friji. Kisha akaenda kumkagua yule wa nyavu. Hawana lugha. Mama akashika jicho moja la wavu, akalipima kwa kidole, akatikisa kichwa kwamba hili dogo mno. Yule bwana akacheka, akatoa wavu mwingine wenye macho makubwa zaidi, mama akakubali. Nilikuwa mbali kidogo, nimekaa, nawatazama tu.

Mchana tukala samaki wadogo wa kukaanga, *acciughe*, na kipande cha ndimu. Mama anasema ni dagaa, ila hawa wamelelewa. Farinata tulikula La Spezia usiku, sinia ya pili tukaombea kaka ailipe.

Vernazza tukaenda saa tisa, kwa treni ya vijiji hii mara. Tukasukumwa na watu behewa la nyuma, na wallahi mlango ukafunguka gizani kama ulivyosema. Ningekuwa sijasoma hapa ningebaki ndani. Kijiji kilikuwa kimejaa, hatukupata hata jiwe la kukaa bandarini, kwa hiyo yale maneno ya asubuhi ni ya kweli. Tukarudi juu kidogo tukapata benchi chini ya ukuta. Hapo ndipo alipokaa bibi mmoja wa kijijini, mdogo mdogo, kavaa aproni, na fimbo yake. Akamtazama mama anavyokaa, anavyounyoosha mguu. Akagonga goti lake mwenyewe na fimbo, akasema *ginocchio*. Akapandisha gauni akaonyesha bandeji. Mama naye akapandisha buibui kidogo akaonyesha yake, ile ya kukaza tuliyonunua Darajani. Basi wakawa wanagongagonga magoti na kuguna, huyu Kiitaliano huyu Kiswahili, nusu saa nzima. Nilitaka kutafsiri nikaona sihitajiki. Kwenye hoteli neno hilo sikuwahi kulihitaji, mama ndiye kanifundisha.

Manarola hatukufika. Treni ilipopita pale nilimwambia ndipo penye maboti barabarani, akasema apumzike, atayaona safari ya pili, mtoto akianza kutembea.

Jana nimempeleka kliniki. Daktari kamuuliza kinachouma nini leo, mama akamjibu kwa Kiitaliano.